Maambukizi yasiyo na mwambukizaji

Maambukizi, kwa maana ya kitabibu, ni hali ya vimelea vya maradhi, viwe bakteria, virusi au kuvu, kuingia mahali pasipo pao mwilini na kuzaliana humo. Fasili hiyo haisemi vimetoka kwa nani, wala haisemi kwamba mwenye navyo anaumwa, kwani mtu aweza kuishi miaka mingi na bakteria wa kifua kikuu bila kuugua.

Kinachotuponza ni umbo la neno lenyewe. Kitenzi ambukiza kinadai wawili, anayetoa na anayepokea, na ndiyo maana mtu akiambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, yale yanayoitwa UTI, swali la kwanza kumjia ni nani aliyempa. Nyumba huingia ugomvi kwa swali hilo, ilhali mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye Escherichia coli, aliyekuwa akiishi kwa amani katika utumbo wa mgonjwa huyohuyo kabla ya kuhamia kwenye mkojo.

Lugha nyingine zilianzia kwingine kabisa. Neno wanalolitumia Waingereza na Wafaransa, infection, limetokana na kitenzi cha Kilatini inficere, yaani kuchovya au kutia rangi, na fundi wa kutia nguo rangi aliitwa infector bila mtu yeyote kumkimbia. Wachina, ambao hawakuazima kwa Warumi, husema ganran, na alama ya silabi ya pili, 染, nayo ina maana ya kutia rangi. Ukiitazama kwa makini utaona ndani yake sehemu ya maji na sehemu ya mti. Waholanzi husema besmetting, na smet kwao ni doa. Wote hao walianza na kitu kilichoingiwa na rangi au doa, wala neno halikuwalazimisha kumtaja aliyekichovya.

Kiarabu kiko karibu nasi zaidi. Neno lake, adwa, limetoka katika mzizi wenye maana ya kuvuka na kupita mpaka, mzizi uleule uliotupa sisi neno adui; huko nako ugonjwa huvuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Sidai kwamba neno letu litupwe. Ila naona tabu pepopunda inapowekwa kapu moja na surua chini ya jina "magonjwa ya kuambukiza", kwa sababu bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na kuingia kupitia jeraha, na mgonjwa wake hawezi kumwambukiza anayemuuguza. Tunalo tayari neno uambukizaji kwa tendo la kupitisha ugonjwa, basi tulitumie hapo, na maambukizi tuyaachie hali ya kuwa na vimelea. Daktari akisema una maambukizi, hajasema bado kwamba kuna mtu aliyekuambukiza. Hilo ni swali jingine, na inafaa aulizwe yeye kwanza kabla ya mwenzi wako.