Jorma Kaukonen hakuhamia gitaa kavu, alianzia huko: dhana potofu na ukweli

Wengi wanamjua Jorma Kaukonen, mpiga gitaa wa Marekani, kwa Jefferson Airplane tu, ile bendi ya roki ya San Francisco, tamasha la Woodstock 1969, gitaa la umeme linalia mpaka spika zinataka kupasuka, na hapo ndo upotoshaji mwingi unapoanzia. Naupenda sana mkono wa huyu mzee, na kila nikisoma anavyoelezwa naona anapunjwa.

Dhana: alikuwa mwanaroki, uzee ulipoingia akahamia gitaa kavu (lisilo la umeme)

Ni kinyume kabisa jamani. Jorma kazaliwa Washington D.C. Desemba 1940, na ni kweli akiwa kijana alikuwa na kabendi ka roki na rafiki yake Jack Casady (lishike hilo jina, litarudi), lakini alipoingia chuo cha Antioch kule Ohio akakutana na mpiga gitaa Ian Buchanan, na huyo ndo aliyemuonyesha kupiga kwa vidole na kumfungulia dunia ya Reverend Gary Davis, mchungaji kipofu mpiga gitaa (naye atarudi), basi umeme ukawekwa pembeni. 1962 akaenda California kusoma Santa Clara, huku anapiga bluzi kwenye vilabu vya kahawa na kufundisha watu gitaa. Kuna rekodi ya nyumbani ya 1964, Janis Joplin anaimba bluzi kabla dunia haijamjua, Jorma anamsindikiza, na kwa nyuma unasikia taipureta inagonga kwa sababu mke wa Jorma alikuwa anachapa mambo yake hapohapo. Jefferson Airplane imekuja 1965, baada ya yote hayo. Hata Paul Kantner wa bendi hiyo alipomwita mazoezini kilichomnasa hasa ni vile vifaa vya umeme vya kubadilisha sauti ya gitaa, alitaka kujua vinafanya nini, sio kwamba alikuwa anaota kuwa staa wa roki.

Dhana: Jefferson kwenye jina la bendi ni yule rais

Hapana. Ulikuwa utani wa marafiki zake wa bluzi, Jorma alibandikwa jina "Blind Thomas Jefferson Airplane", kuiga majina ya wakongwe kama Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas aliyerekodi kati ya 1926 na 1929. Bendi ilipokosa jina, hilo likakatwa likawa lao. Kwa hiyo hata bango la bendi ya roki lilikuwa limebeba bluzi ya gitaa kavu.

Dhana: bluzi ni kodi tatu (kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja) na huzuni ya Mississippi

Hii ndo inaniuma zaidi maana inafuta ukanda mzima. Kuna eneo linaitwa Piedmont, kati ya milima ya Appalachia na tambarare za pwani ya Atlantiki, kuanzia Virginia mpaka Georgia, na bluzi ya huko inacheza, ina mguu wa dansi, kwa sababu imekunywa ragtaimu. Ragtaimu ni muziki uliojulikana zaidi kwenye piano, Scott Joplin alichapisha Maple Leaf Rag 1899, mkono wa kushoto unaruka besi-kodi-besi-kodi bila kuchoka na mkono wa kulia unaweka melodi mahali usipotegemea, katikati ya mapigo. Sasa wapiga gitaa kama Blind Blake, aliyerekodi kuanzia 1926 mpaka 1932, wakaihamishia yote kwenye nyuzi sita: dole gumba likawa mkono wa kushoto wa piano, linapishana kwenye nyuzi nene moja-mbili-tatu-nne, na vidole vikawa mkono wa kulia. Kodi nazo sio tatu, ukiwa C utakuta unazungushwa A7, D7, G7 ndo unarudi nyumbani C, na mzunguko huo unakupa ile raha ya kama mtu anateremka ngazi huku anacheza. Sikiliza Jorma anavyopiga Hesitation Blues, inaanza na giza la maina (kodi zenye huzuni) halafu inafunguka inaenda meja (kodi zilizochangamka), ukiambiwa huo ni wimbo wa kulia tu utashangaa.

Wapenzi wa gitaa la Katanga, kule Kongo, wataelewa haraka, maana Mwenda Jean Bosco aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville (Likasi ya leo) 1952 akiimba Kiswahili, naye alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Sisemi mmoja kamfundisha mwenzie. Nasema sikio lililolelewa na Masanga, ule wimbo wa Mwenda, linamsikia Gary Davis bila kutafsiriwa.

Dhana: Gary Davis alikuwa msanii wa bluzi na Jorma alikuwa mwanafunzi wake

Mambo mawili yamechanganywa hapa. Davis, mzaliwa wa Laurens, South Carolina, 1896, kipofu tangu utotoni, alikuwa mchungaji. Alirekodi 1935, baadaye akahamia New York akawa anaimba na kuhubiri mitaani Harlem, na kwa miaka mingi hakutaka kupiga bluzi mbele za watu, alichotaka ni nyimbo za Mungu. Vijana waliokuja kujifunza kwake walimbembeleza sana ndo wakapata na zile za kidunia. Na alifanya yote kwa gumba na kidole kimoja, yaani piano nzima kwa vidole viwili! Waliokaa naye nyumbani kujifunza ni watu kama Stefan Grossman, ila Jorma yeye mafundisho yalimfikia kupitia Buchanan, na hilo halimpunguzii chochote, huu muziki umeishi hivyohivyo siku zote, mkono unaangalia mkono.

Dhana: kwenye rekodi kuna magitaa mawili

Hili swali haliishi. Embryonic Journey ni gitaa moja, mtu mmoja, haifiki hata dakika 2, uzi wa sita umelegezwa ukawa D ili gumba lipate besi ya kina. Iko kwenye Surrealistic Pillow ya 1967, albamu hiyohiyo yenye White Rabbit, na kama ulifuatilia ile tamthilia ya Friends basi umeshaisikia, ndo inayopigwa mwishoni kabisa mwa kipindi cha mwisho.

Sasa kwenye Hot Tuna, bendi ya Jorma na Casady, ile albamu ya kwanza iliyorekodiwa laivu Berkeley 1969 ikatoka 1970, kweli kuna mtu wa pili, ni yule Jack Casady, lakini yuko kwenye gitaa la besi. Na angalia uerevu wa huyu bwana: gumba la Jorma tayari limeshika besi, angeirudia ileile wangekanyagana, kwa hiyo Casady anapanda juu, anaimba na besi lake kama sauti ya pili, anajibu, ananyamaza, anarudi. Watu wengi nadhani ndo wanamsikia huyo wakidhani gitaa la pili. Kuna na Will Scarlett wa harmonika, ngoma hakuna, na hutaikosa.

Dhana: mkono wa umeme na mkono wa gitaa kavu ni vitu viwili tofauti

Angalia mkono wake wa kulia. Anavaa kucha ya plastiki kwenye gumba na mbili za chuma vidoleni, na kwenye gitaa la umeme pia alizivaa, wakati wenzake wengi wa roki wameshika kipande kimoja cha plastiki. Mkono ni uleule wa Antioch.

Mwisho kuna wanaosema upigaji huu ni kipaji, hujifunzi ukubwani. Mbona yeye na mkewe Vanessa walifungua Fur Peace Ranch kule Ohio 1998, kambi ya kufundisha gitaa, na waliokwenda ni watu wazima wenye kazi zao? Ukitaka kujaribu, shika kodi ya C, piga gumba peke yake uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mpaka uweze kuongea na mtu huku linaenda, melodi usiiguse kwanza.