Rangi ya kauri si mbadala wa sufi kwenye ekzosi ya boti

Tangu mvua zianze tunapokea malalamiko mengi kutoka kwa wenye boti za Mwaloni Kirumba, Igombe na hata Ukerewe, na karibu yote yanafanana. Mtu ameuziwa kopo la "rangi ya kauri", akaambiwa ndiyo ileile inayokinga injini za ndege. Akapaka ekzosi, akavua bati na sufi ya kukinga joto (ile ya nyuzi za mawe au kioo, si ya mti) iliyokuwa imezungushiwa bomba. Baada ya wiki chache rangi imebanduka. Yeye analalamikia rangi. Sisi wakaguzi wa boti kinachotutisha ni ile sufi iliyovuliwa.

Ni kweli kauri hukinga injini za ndege. Mapanga ya tabaini, yaani gurudumu la injini linalozungushwa na gesi ya moto, hupuliziwa zirkonia, aina ya kauri, iliyochanganywa na itria, kauri nyingine, asilimia 7 hadi 8 kwa uzito, unene wa milimita 0.1 hadi 0.5. Zirkonia huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,700 za Selsiasi hivi. Ikiwa tupu, kila inapopoa hubadili mpangilio wake wa ndani, ikavimba na kujipasua. Itria ndiyo inayoituliza. Chini yake kuna tabaka la metali la kuishikilia. Pamoja na hayo yote, nayo hubanduka: chuma hutanuka kuliko kauri kila kinapopata moto, na katikati ya metali na kauri hujengeka ukoko wa oksidi, mfano wa kutu, unaonenepa polepole hadi mshiko unaachia.

Sasa lile ambalo wengi hawataki kulisikia. Kauri haifuti joto. Hulichelewesha tu, na faida yake huonekana pale upande wa pili unapopozwa. Panga la tabaini lina matundu ndani, hewa ya kupoza inapita humo, na joto linalosukumwa kupenya ni kubwa mno; ndiyo maana tabaka jembamba linaweza kushusha nyuzi 100 na zaidi. Ekzosi ya boti inapozwa na upepo wa nje basi. Chukua bomba lenye nyuzi 450, lipake kauri halisi ya milimita 0.3: ukikokotoa, uso wa nje unapungua nyuzi 5 hivi. Nyuzi tano! Na rangi ya kopo ni nyembamba kuliko hapo.

Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, SOLAS, zinataka uso wowote unaozidi nyuzi 220 na unaoweza kurukiwa na mafuta ufunikwe ipasavyo. Boti ya mbao haina sababu ya kujiwekea ulinzi hafifu kuliko huo. Bomba likipita karibu na mbao au tangi, sufi na bati virudi.

Juzi mwenye boti mmoja aliniletea gamba la rangi hiyo ndani ya bahasha. Juu jeupe, safi; chini limebeba kutu nyekundu. Fundi alipaka juu ya kutu, kisha wimbi likarukia bomba la moto. Anayemwagia maji jiko la mkaa la udongo anajua kinachofuata.

Anayetaka kulalamika asikwangue kilichobaki. Atunze kopo pamoja na kifuniko chake, maana namba ya toleo mara nyingi iko hapo, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kuidai ni wajibu wa mnunuzi kisheria. Ubora wa bidhaa unapelekwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania; ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza. Madai ya uongo ya muuzaji yanapelekwa FCC, Tume ya Ushindani. Ni malalamiko mawili, yaandikwe barua mbili. Ukichanganya, faili linazunguka bure. Kwa upande wa ukaguzi, boti ikikutwa na bomba wazi karibu na mafuta inazuiwa kuondoka hadi irekebishwe na kukaguliwa upya, na kusema "nimepaka kauri" hakubadili chochote.

Wengine hutuletea picha ya kipimajoto cha mwanga (kinachopima bila kugusa, kwa miale ya joto) kikionyesha nyuzi 120 juu ya rangi inayong'aa. Uso unaong'aa hudanganya kipimo hicho. Paka masizi sehemu ndogo, acha injini ifanye kazi nusu saa ikiwa na mzigo, ndipo upime hapo penye masizi.