Taasisi ya taifa ya ikolojia na mageuko: kazi yake hasa ni ipi?

Ukisikia mtu anafanya kazi TAWIRI, swali la kwanza linalokuja kichwani ni kama ana bunduki. Tumezoea kwamba anayelipwa kwa ajili ya tembo lazima awe askari. Tuanze basi kwa kutenganisha mambo. TANAPA inasimamia hifadhi za taifa, TAWA iko kwenye mapori ya akiba na mapori tengefu, na TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania yenye makao makuu Arusha, inachunguza na kuhesabu. Ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1980, enzi hizo ikibeba jina la Serengeti. Samaki wana taasisi yao, TAFIRI, na misitu ina TAFORI. Nchi nyingine huikusanya kazi hii chini ya paa moja na kuliita jengo hilo taasisi ya taifa ya ikolojia na mageuko. Sisi tumeigawa, lakini kazi ni ileile.

Ikolojia ni elimu ya mahusiano: nani anakula nini, nani anamla, mvua ikichelewa nani anaumia kwanza. Si usafi wa mazingira, wala si kupanda miti siku ya kitaifa, ingawa neno lenyewe limeshazoea kutumika hivyo kwenye hotuba. Mageuko nayo ni mabadiliko ya sifa za kurithi ndani ya kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi. Simba mmoja hageuki hata akiishi miaka mingapi; kinachogeuka ni ukoo. Watu wengi wakisikia neno hilo hukimbilia ubishi wa binadamu na nyani, na hapo mazungumzo huwa yamekufa.

Kwa nini mambo haya mawili yakae ofisi moja? Tazama tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Katika vita ya 1977 hadi 1992 waliuawa zaidi ya asilimia 90, na wawindaji walikuwa wanafuata pembe. Jike aliyezaliwa bila pembe hakuwa na faida kwao, kwa hiyo alibaki, akazaa, na mabinti zake wengi wakarithi hali hiyo. Kabla ya vita majike wasio na pembe hawakufika mmoja kati ya watano. Miongoni mwa waliosalimika walikuwa karibu nusu. Hayo ni mageuko, na yametokea katika umri wa mtu mmoja. Lakini tembo hutumia pembe kubandua magome na kuchimba maji. Zikikosekana, miti nayo na wanyama wanaokunywa kwenye vile visima wanaguswa, na hapo tumesharudi kwenye ikolojia.

Tatizo la elimu hizi ni muda. Mradi wa kawaida wa utafiti huishi miaka mitatu au minne, mfadhili akaondoka. Nyumbu wa Serengeti hawaendi kwa kalenda ya mfadhili. (Nasema nyumbu yule mwenye ndevu, si mtoto wa punda na farasi.)

Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe wa wafugaji kwa wingi wa kutisha, na nyati na nyumbu pamoja nao. Ugonjwa ukaendelea kujificha porini kwa miongo. Watu walidhani nyumbu ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Ng'ombe wanaozunguka Serengeti walipochanjwa, kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 sotoka ilitoweka kwa nyumbu bila hata mmoja wao kudungwa sindano. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wanaileta porini. Nyumbu wakaongezeka kutoka robo milioni hivi mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja na robo mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wakiwa wengi hula nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto wa kiangazi hukosa kuni, na moto ukipungua miche ya migunga huvuka ule umri wa kuungua. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti. Hakuna mtu angeweza kuuona mnyororo huo kwa kutembelea Serengeti mara moja, hata awe na akili namna gani. Ulionekana kwa sababu watu walihesabu, wakarudi kuhesabu, na daftari halikupotea.

Na kuhesabu kwenyewe kuna mitego. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, wakapata nyumbu wasiofika laki moja. Miaka mitatu baadaye hesabu nyingine ilitoa zaidi ya laki mbili na sitini. Jike wa nyumbu huzaa ndama mmoja kwa mwaka, kwa hiyo ongezeko la namna hiyo haliwezekani. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na namna ya kuhesabu. Kwa hiyo taasisi ya taifa lazima itunze pia njia: ndege inaruka urefu gani, inapita mistari ipi, anayehesabu anatazama upana gani wa ardhi. Bila hivyo namba za mwaka huu na za mwaka 2040 zitakuwa haziongei lugha moja.

Namba hizo wakati mwingine haziipendezi serikali inayozilipia. Hesabu ya tembo Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Ni aibu ya kitaifa, na ilitangazwa na Tanzania yenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha taasisi ya namna hii, kuliko wingi wa majengo au magari yake.

Sampuli za zamani nazo ni daftari. Ziwa Victoria lilikuwa na furu wa aina mamia, samaki wadogo ambao mabwana wa sayansi wanawahesabu miongoni mwa mifano mikubwa ya mageuko ya haraka duniani. Sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 waliwafyeka, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Katika miaka ya 1990 baadhi walirudi Ghuba ya Mwanza. Walipopimwa, aina mojawapo ilikuwa na matamvua, yaani viungo vya kupumulia, makubwa kuliko ya mababu zake, jambo linalofaa kwenye maji yaliyopungukiwa oksijeni.

Walilinganishwa na mababu gani? Kuanzia mwaka 1977 Waholanzi waliokuwa wakifanya utafiti Mwanza walivua furu na kuwahifadhi kwenye chupa. Furu hao wa kabla ya anguko leo wako Leiden, Uholanzi. Mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kumwona samaki aliyekuwa akivuliwa na babu yake anahitaji viza. Si kwamba Waholanzi waliiba. Walifanya kazi nzuri, na bila wao pengine furu hao wasingekuwepo popote. Ila chupa za namna hiyo zinataka chumba chenye baridi, lebo zisizofutika, na mtu wa kuongeza spiriti kila inapopungua, mwaka huu na mwaka 2077. Mshahara wa mtu huyo ndio taasisi ya taifa inayozungumzwa hapa.