Kwa nini hatari ya asteroidi hupanda kwanza, kisha ikafutika ghafla?

Mwanzoni mwa 2025 habari moja ilizunguka kwenye simu za watu: jiwe kubwa la angani litaipiga Afrika mwaka 2032. Huku Nyanda za Juu Kusini habari ya aina hiyo hupata wasikilizaji haraka. Ukitoka Mbeya kwa barabara ya Tunduma, umbali wa kilomita 65 hivi, kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Ukipitisha kiganja juu yake unahisi vishimo na matuta ya chuma kitupu. Aliyekigusa hahitaji kushawishiwa kwamba vitu huanguka kutoka juu.

Lakini wanasayansi walikuwa wamesema nini hasa? Asteroidi iliyopewa jina la 2024 YR4 iligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile. Kauli yao ilikuwa ya tahadhari: kwa vipimo vichache vilivyopo, upo uwezekano mdogo wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Mwishoni mwa Januari uwezekano huo ulipita asilimia 1. Tarehe 18 Februari NASA ikautaja kuwa asilimia 3.1, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kutolewa kwa asteroidi ya ukubwa ule au zaidi. Tarehe 24 Februari ulikuwa asilimia 0.004.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Walioona namba ikipanda waliamini jiwe linazidi kuikaribia shabaha. Walioiona ikishuka wakasema wanasayansi wamekosea hesabu, au wanaficha jambo. Pande zote mbili zinachukulia kwamba asilimia ile inapima mwendo wa jiwe, nayo haipimi hivyo. Jiwe lenyewe lilikuwa limeshaipita Dunia tarehe 25 Desemba 2024, siku mbili kabla ya kugunduliwa, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 800,000. Wiki zote zile ambazo namba ilikuwa ikipanda, jiwe lilikuwa likienda zake mbali nasi. Njia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kiasi tunachokijua kuhusu njia hiyo.

Chukua lori lililopakia viazi Makambako kwenda Uyole. Limefika, kiroba kimoja hakipo. Wewe upo Chimala, na swali lako ni moja: je, kimeangukia hapa kwetu? Mwanzoni kinaweza kuwa popote kwenye barabara nzima, hivyo sehemu ya Chimala ni ndogo sana. Kisha utingo anakumbuka kwamba walipofika Igawa alikagua turubai na viroba vyote vilikuwepo. Kipande cha Makambako hadi Igawa kinafutwa. Barabara ya kutafuta imefupika, Chimala bado imo ndani, kwa hiyo uwezekano wake umepanda. Dereva naye anasema Igurusi, alipokuwa akijaza mafuta, aliona kamba imelegea na pengo limeshatokea. Sasa imebaki Igawa hadi Igurusi tu. Chimala imepanda tena, na anayefuatilia kwa simu ataapa kwamba kiroba kinaisogelea. Halafu trafiki aliyelisimamisha lori likiwa limeshaipita Chimala anasema alivihesabu, na havikuwa vimepungua. Papo hapo Chimala inaanguka hadi sifuri. Muda wote huo kiroba kilikuwa kimelala palepale kilipoangukia.

Kwa asteroidi, barabara hiyo ni mstari wa mahali pote ambapo jiwe linaweza kuwa siku ile ya 2032. Mwanzoni mstari ni mrefu sana, kwa sababu jiwe limeonekana kwa siku chache tu katika mzunguko wa miaka 4 hivi, na kosa dogo la kipimo cha leo hukua mno likipigiwa hesabu miaka 8 mbele. Dunia, yenye kipenyo cha kilomita 12,700 hivi, ni kipande kidogo juu ya mstari huo. Kila usiku wa vipimo vipya hukata mstari. Maadamu Dunia imebaki ndani, sehemu yake huongezeka. Ukikatwa kipande ilipo Dunia, habari imekwisha.

Sasa angalia jinsi kauli ile ilivyovimba njiani. Ukubwa ulikadiriwa kuwa kati ya mita 40 na 90, kwa kuwa ulipimwa kwa mwanga tu, na mwamba mdogo unaong'aa huweza kutoa mwanga sawa na mkubwa mweusi. Vichwa vya habari vikachukua 90. Baadaye darubini ya James Webb, inayopima joto, ilipata kama mita 60. Ukanda ambao jiwe lingeweza kuangukia ulikuwa mwembamba, na barani kwetu ulipita kaskazini ya ikweta, Nigeria, Sudan na Ethiopia zikitajwa. Kwenye simu zetu ukawa "Afrika". Na neno "huenda" ndilo lililodondoka la kwanza. Linadondoka kwa urahisi kwa sababu halina picha, ila ndilo lililobeba maana yote ya sentensi.

Hata hivyo, kushuka si kanuni. Tarehe 6 Oktoba 2008 kiligunduliwa kijiwe cha mita 4 hivi, 2008 TC3. Uwezekano wake ulipanda na haukushuka, na kesho yake kilipasuka angani juu ya jangwa la Sudan. Vipande vyake viliokotwa.

Mtihani unaofuata una tarehe. Asteroidi Apophis ilifikia asilimia 2.7 Desemba 2004, kisha vipimo vikaifuta hatari hiyo. Tarehe 13 Aprili 2029 itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya satelaiti za televisheni, na watu wa Afrika na Ulaya wataweza kuiona kwa macho matupu. Vichwa vya habari vya kutisha vitarudi, sina shaka. Kwa saa zetu, itakuwa karibu zaidi baada ya usiku wa manane kuingia tarehe 14. Kikwazo huku kwetu ni mawingu, maana Aprili Mbeya na Njombe bado kuna mvua.