Ujenzi wa amani baada ya vita: maana yake nini?

Kusitisha mapigano ni kazi ya wenye bunduki. Ujenzi wa amani ni kazi inayobaki baada yao: kuwafanya watu waliopigana, waliokimbia na waliofiwa waweze kukaa tena kijiji kimoja bila kuviziana. Mpango wa kujenga upya ndio unaoamua kipi kianze, wapi, na kwa fedha za nani.

Chukua kaskazini mwa Uganda, mpakani na Sudan Kusini. Vita kati ya serikali na waasi wa LRA wa Joseph Kony viliwarundika kambini watu wapatao milioni 1.8. Mapigano yaliposimama Agosti 2006, serikali ilizindua mwaka uliofuata mpango uliojulikana kama PRDP, wenye malengo manne: kurudisha mamlaka ya dola, kuinua jamii, kufufua uchumi, na maridhiano. Fedha nyingi ziliishia kwenye madarasa, zahanati, visima na barabara. Maridhiano yakapata fungu dogo kuliko yote. Si ajabu. Darasa lina utepe wa kukata na mgeni rasmi wa kuukata.

Lakini ugomvi ulizuka shambani. Familia ilirudi baada ya miaka kumi na kukuta pori. Mti uliokuwa alama ya mpaka umeshakatwa, mzee aliyeujua mpaka huo amefia kambini, na kijana aliyezaliwa kambini anaonyeshwa "ardhi ya babu" asiyowahi kuikanyaga. Jirani naye ameshalima hapo. Ugomvi wa namna hii hutaka kikao cha wazee na majirani wanaokubali kuutembea mpaka kwa miguu, tena zaidi ya mara moja.

Waacholi, kabila la eneo hilo, wana mila ya maridhiano iitwayo mato oput: aliyeua anakiri, ukoo wake unalipa fidia, kisha pande mbili zinakunywa pamoja maji ya mzizi mchungu. Wapangaji wengi waliisifu, wakati mwingine kupita kiasi, maana LRA waliua pia Walango, Wateso na watu wa ng'ambo ya mpaka, ambao mila hiyo si yao.

Halafu kuna wizi. Mwaka 2012 iligundulika kwamba mamilioni ya euro ya wahisani wa mpango huu yalichotwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, mmoja wa wahisani, ilisimamisha msaada wake na baadaye ikarudishiwa euro milioni 4 zake.