Mtoto ana sikoseli, baba kapima yuko sawa: kabla hamjavunja nyumba someni hapa

Mimi nafanya kazi maabara ya vinasaba na kuna swali linatufikia mara kwa mara mpaka nimeona niliandike. Mtoto kapimwa kaambiwa SS, yani sikoseli kamili, mama ni AS, yani anabeba nakala moja ya sikoseli (S) ila haumwi, baba akapima akaambiwa AA, hana S hata moja. Hapo hapo ndugu wa mume washaanza, huyu mtoto si wetu, mama analia, baba anataka DNA leo leo.

Subirini kwanza.

Sikoseli ni herufi moja tu. DNA yetu ina herufi kama bilioni 3, sasa kwenye jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, palipotakiwa kuwa na A pamekaa T, basi, na chembe nyekundu ambayo ingeishi siku 120 inajikunja kama mundu inakufa ndani ya siku 10 mpaka 20. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama moja ya baba, na mtoto wa SS kapata S moja kila upande, ndo maana baba AA anashtua watu, na kwa hiyo wanaosema ugonjwa umetoka kwa kina mama peke yao wanamwonea huyo mama bure.

Sasa baba AA imekuwaje? Vipimo vingi vya hospitali havisomi DNA, vinaangalia himoglobini yenyewe. Baba anaweza kuwa na hitilafu nyingine kwenye jeni ile ile, inaitwa beta talasemia, nakala yake moja imenyamaza haifanyi kazi. Mwenyewe haumwi, labda damu iko chini kidogo, na kipimo cha haraka kinaona A tu. Mtoto akichukua S ya mama na ile nakala bubu ya baba anabaki na S peke yake, kipimo kinasoma SS na anaumwa vile vile, na ni damu yake baba huyo huyo! Talasemia iko sana Uarabuni, Uajemi na India, na pwani yetu imeoana na huko zamani sana. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa majibu ya DNA ya mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani yetu, Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingine, wakakuta damu ya Uajemi na ya Kiafrika zilianza kuchanganyika kama miaka 1000 iliyopita.

Kinachomaliza ubishi ni kusoma jeni yenyewe herufi kwa herufi. Na hata kabla ya hapo rudieni kipimo, chupa za damu huwa zinabadilishana majina, inatokea.

Sisemi kwamba kila mara jibu litakuwa talasemia. Kuna wakati kweli baba siye. Hapa ndo pagumu, maana watu walikuja kutafuta sikoseli hawakuja kutafuta nani baba wa mtoto, na mimi naamini majibu ambayo mtu hakuyaomba hayatupwi mezani mbele ya mashemeji. Mshauri aongee nao kwanza, kabla damu haijatolewa, awaambie kipimo hiki kinaweza kuonyesha na nini kingine. Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na kipimo cha kujua baba wa mtoto kinaombwa kupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii, kwa hiyo kukata nywele za mtoto usiku umpelekee mtu unayemjua maabara si njia.

Wengine wanauliza, si mnaweza kuirekebisha hiyo herufi? Tiba ya kuhariri jeni ipo, Uingereza na Marekani waliipitisha mwishoni mwa 2023, inaitwa Casgevy. Hairekebishi herufi yenyewe, inaamsha himoglobini ya kitoto ambayo mwili huizima baada ya kuzaliwa, ila kabla yake mgonjwa anapewa dawa kali ya kusafisha uboho ambayo inaweza kuharibu uzazi, na Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Tanzania tunazaa watoto kama 11,000 wa sikoseli kila mwaka. Wagonjwa wako huku dawa iko kule, na hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Lakini kuna kidonge, haidroksiyurea, nacho kinaamsha himoglobini hiyo hiyo ya kitoto, kinapunguza sana yale maumivu. Kwa hiyo wakati wakubwa mnasubiri majibu yenu mpelekeni mtoto kliniki ya sikoseli wiki hii hii, akiwa chini ya miaka 5 aanzishiwe penisilini ya kila siku, na akichemka homa msimsubirishe mpaka asubuhi. Daktari wa kliniki hahitaji DNA ya baba ndo amtibu.