Ualbino na macho: nyuzi zikivuka kupita kiasi, ubongo unafanyaje?

Mzazi anayetoka kliniki ya macho hapa Moshi na mtoto mwenye ualbino mara nyingi hurudi nyumbani na miwani, lakini maswali hayajaisha.

Ana miwani, mbona bado anasogeza daftari hadi puani?

Miwani husaidia mwanga unaoingia jichoni kukusanyika mahali pake. Tatizo kubwa la mtoto liko nyuma zaidi. Melanini, yaani rangi asilia ya mwili, inapokuwa pungufu mtoto akiwa tumboni, kile kiini cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunachosomea maandishi madogo hakikomai vizuri. Mwache asogeze, hajiumizi.

Daktari alisema mishipa ya macho "imevuka". Maana yake?

Mishipa hiyo ni neva, mafungu ya nyuzi zinazopeleka habari kutoka jichoni hadi ubongoni. Neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo. Kwa kawaida, nyuzi zinazotoka nusu ya retina iliyo upande wa pua, zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi zote, huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Zinazosalia hazivuki. Kwenye ualbino huvuka nyingi mno.

Basi anaona vitu vimegeuka?

Hapana, na kwangu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote. Sehemu ya ubongo inayopokea picha iko kisogoni, nayo hupanga picha kama ramani. Kwa mtoto huyu, ramani ya anachokiona upande wa kulia na ya anachokiona upande wa kushoto huangukia eneo lile lile. Vipimo vya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, vimeonyesha zikilaliana. Ni kama kihamba chenye migomba na kahawa: udongo mmoja, kila mmea na mizizi yake. Seli zinazopokea ramani hizo zimekaa jirani, ila habari zake hazichanganyiki. Hata wale wachache waliozaliwa bila nyuzi zao kuvuka kabisa huona kushoto ni kushoto na kulia ni kulia.

Hakuna kinachopotea?

Kipo. Wengi hupungukiwa uwezo wa kupima kina kwa macho mawili, kwa hiyo ngazi na mitaro huwatatiza. Macho pia huchezacheza.

Kuna operesheni ya kuzirudisha nyuzi?

Hakuna. Kinachomfaa ni dawati la mbele, maandishi makubwa, lenzi ya kukuzia, kofia pana na miwani ya jua. Kuhusu ngozi, ulizia hospitali ya KCMC losheni ya kukinga jua ya Kilisun, inayotengenezwa pale pale. Na mwalimu aelezwe mapema: mtoto akiinamisha kichwa upande, huenda ametafuta mkao ambao macho yake yanatulia. Asimkaripie akae wima.